Mwaguaje, Mti wa Kinamasi

Katika vinamasi vya Amazoni, nchini Peru, humea mti wa jamii ya mnazi uitwao aguaje. Jina lake la kisayansi ni Mauritia flexuosa. Kama mipapai mingi, kuna miti dume na miti jike, na mti jike ndio uzaao. Majani yake yaangukapo majini hayaozi upesi, bali hurundikana na kuwa mboji ihifadhiyo kaboni nyingi. Kasuku wakubwa hutaga katika vigogo vilivyokufa. Kwa kuwa mti huu ni mrefu, wachumaji wengi huukata ili kupata matunda. Hivyo madume ndiyo yanayosalia, na mbegu hupungua. Dawa yake ni kuukwea mti kwa kamba na kukata vichala tu.