Mtoto hasikii darasani? Chunguza kuta pia

Je, umeletewa habari kwamba mtoto wako hasikilizi darasani? Kabla ya kumkemea, fika shuleni darasa likiwa tupu, upige makofi mara moja kisha utege sikio. Mlio ukiendelea kuvuma baada ya mikono kutulia, huenda chumba chenyewe kinachangia tatizo hilo.

Sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Inapogonga ukuta wa saruji, vioo au mabati yasiyo na dari, hurudishwa na kugonga kwingine tena na tena hadi ififie. Vitu laini kama vile nguo, mikeka na hata miili ya wanafunzi huimeza.

Madhara yake ni gani? Irabu hutoka kwa nguvu na mvumo wake hukawia, ukafunika konsonanti inayofuata. Hivyo "paka" na "pata" husikika kama neno moja. Mtu mzima hukisia, lakini mtoto bado hajui maneno mengi. Anayeugua masikio huumia zaidi.

Mwaka wa 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kuchunguza ukumbi ambamo neno lilivuma kwa zaidi ya sekunde tano. Alipanga mito ya viti humo, na kadiri ilivyoongezeka ndivyo mvumo ulivyopungua. Mnamo 1999, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mvumo darasani uwe takriban sekunde 0.6.

Mwalimu naye huathirika kwa sababu hulazimika kupaza sauti siku nzima. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, amwone daktari.

Wazazi na walimu wanaweza kufanya yafuatayo:

1. Kuweka dari chini ya mabati.

2. Kutundika mapazia mazito, na nguo nene kwenye ukuta wa nyuma.

3. Kumketisha mbele mtoto asiyesikia vyema.

4. Kunyamazisha darasa kwanza, kisha kusema polepole. Kupiga kelele huongeza mvumo pia.

Hata ukigundua kwamba darasa linavuma, mpeleke mtoto akapimwe masikio, kwani matatizo hayo mawili yanaweza kuandamana. Usimwite mzembe kabla ya kuyachunguza yote mawili.