Kijito chafurika masika, chakauka kiangazi

*Ninalima mpunga na muhogo Kabambare. Kijito chetu, kinachoingia mto Luama, zamani hakikukauka. Sasa mvua ikipiga kinafurika saa hiyohiyo, na mwezi wa nane tunachimba mchanga kutafuta maji. Ni mvua iliyobadilika, ama ni sisi tuliokata pori?*
*Mama M.*

Mama, mvua peke yake inaweza kuvimbisha maji: ile ya mwishoni mwa 1961 ilipandisha sana Ziwa Tanganyika. Lakini kijito kinachofurika upesi kisha kukauka kinanielekeza kwenye udongo. Porini, majani na mizizi huufanya udongo uwe na vitundu. Maji huzama, hutoka polepole kiangazi. Udongo ukichomwa kila mwaka na kukanyagwa, huwa mgumu, na mvua hutelemka juu kwa juu.

Anzeni kwenye chemchemi. Sheria ya misitu ya Kongo (DRC) ya 2002 inakataza kukata miti mita 100 kuizunguka, na mita 50 kila upande wa mto. Acheni pori lirudi lenyewe. Ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Mikaratusi msiipande hapo, hunywa maji mengi mno. Shambani limeni matuta ya kukata mteremko, msichome mabaki.

Maji ya mchangani yachemsheni. Mtu akiharisha maji matupu, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukingo wa kijito ukianza kupasuka karibu na nyumba, hameni kwanza, kisha mwiteni chifu na agronomo.