Likizo ya Juni na kijana wa miaka 15

SWALI: Tunaishi Chitete, wilayani Momba. Likizo ya Juni tunataka kumpeleka binti yetu wa miaka 15 kuona wanyama, lakini yeye na simu hawaachani. Twende Ruaha au Katavi?
Baba wa watoto watatu, Chitete

JIBU: Nendeni Katavi. Ruaha ni nzuri, ila itabidi mzunguke hadi Iringa, wakati kwenda Katavi mnashika njia ya Sumbawanga tu, kisha kaskazini hadi Sitalike, kijiji kilichopo langoni.

Kiangazi ndicho msimu wake. Maji ya Mto Katuma yanapopungua, viboko husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki, wakikoromeana na kugombea tope. Juni hali hiyo ndiyo kwanza inaanza. Mkiweza kusubiri hadi Septemba mtaona zaidi, lakini shule haisubiri. Mbung'o ni wengi, nao hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Vaeni kaki.

Kiingilio cha mtoto ni cha miaka 5 hadi 15. Akitimiza 16 analipa kama mtu mzima, kwa hiyo bebeni cheti chake cha kuzaliwa.

Simu msimnyang'anye, mtagombana safari nzima. Mpeni darubini na kazi ya kuwahesabu viboko, apige na picha. Na asiamshwe alfajiri kila siku. Jioni nayo wanyama wapo.

Mkipata siku ya ziada, piteni Ndolezi, Mbozi, mkaone kimondo.