Kabla Hujaenda Ujerumani, Tazama Filamu Hizi

Tangu Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya ajira mjini Berlin, vijana wa hapa Bukhayo, Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wananiuliza sana habari za kazi huko. Huwa nawakalisha tukatazama filamu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Vita huisha, njaa ikabaki. Roberto Rossellini alipiga Germania anno zero (1948) katikati ya magofu ya Berlin. Edmund, wa miaka 12, anachimba makaburi pamoja na watu wazima kwa sababu baba yake ni mgonjwa. Anafukuzwa kwa kuwa umri wake hauruhusu kibali cha kazi. Nyumbani watakula nini, hakuna anayeuliza. Nikiona watoto wa Busia wakivusha mizigo njia za panya, naamini kumtimua mtoto tu si kumlinda.

2. Mnyonge naye hubagua. Hili ndilo lililonigusa zaidi. Katika Angst essen Seele auf (1974) ya Rainer Werner Fassbinder, Emmi, mjane anayefanya usafi, anaolewa na Ali, fundi wa magari kutoka Morocco. Wenzake Emmi kazini wanamtenga; wanapokula ngazini, yeye anakula peke yake. Kisha anaajiriwa mgeni, Yolanda, kutoka Herzegovina. Sasa Yolanda ndiye anayetengwa, na Emmi yumo kwenye kundi la wanaomtenga! Hapa mpakani pia, wapo wanaomlaumu Mganda aliyebeba mzigo kwa bei ya chini na kumwacha tajiri aliyepanga bei hiyo.

3. Mwili ndio hulipa. Ali anaanguka kwa vidonda vya tumbo. Daktari anasema ugonjwa huo huwapata sana wafanyakazi wa kigeni, na utamrudia. Mjomba wangu, dereva wa lori, akasema, "Huyo ni sisi kwenye foleni ya Malaba."

4. Mlango hufungwa. Ujerumani Magharibi ilianza kuwaita vibarua kama Ali kwa mikataba na Italia mwaka 1955, kisha Uturuki 1961 na Morocco 1963. Mwaka 1973 ikasimamisha kuajiri.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa, hakikisha wakala wako ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usome mkataba wote kabla ya kutia saini: mshahara, bima ya afya, kodi ya nyumba, na nani atalipa nauli ya kurudi.