Filamu iliyo kichwani haiuziki

Mswada wa filamu, ambao mtaani wengi wanauita skripti, ni maandishi yanayoeleza kitakachoonekana na kitakachosikika, tukio baada ya tukio. Ukurasa mmoja uliopangwa kwa utaratibu wa fani huchukua takriban dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu inahitaji kurasa kama 90.

Barua ya wiki hii imetoka Nyashimo, wilayani Busega, mkoani Simiyu. Ni ndefu, kiini chake ni hiki: "Filamu yangu yote iko kichwani, kilichobaki ni kuiandika. Nyumbani tuna ng'ombe wanne. Je, niuze wawili niende Dar kumtafuta mtayarishaji? Naogopa pia wataniibia wazo."

Swali linahusu ng'ombe, lakini ugonjwa uko kwenye sentensi ya kwanza. Anayesema kilichobaki ni kuandika hajaanza kazi. Filamu inayodhaniwa imekamilika kichwani huwa ni matukio matatu manne yenye nguvu, na katikati pana mashimo ambayo hayaonekani mpaka kalamu iyafikie. Kichwani, binti wa mkulima "anagundua kuwa baba yake amedhulumiwa kwenye pamba". Kamera haina namna ya kupiga picha ya kugundua. Kwenye mswada patasomeka hivi: NJE. GHALA LA CHAMA CHA USHIRIKA (AMCOS) – MCHANA. Binti anautazama mshale wa mizani. Karani anataja kilo pungufu. Baba anaitikia kwa kichwa na kuikunja risiti bila kuisoma. Mtazamaji ameshaelewa, na hakuna aliyetamka neno dhuluma. Tukio la namna hiyo huandikwa, likafutwa, likaandikwa tena, na mtu wa Simiyu, mkoa wa pamba, analijua kuliko mwandishi yeyote wa Masaki, Dar es Salaam.

Dharau kwa mswada ina historia. Katika wimbi la filamu za Bongo la miaka ya 2000, nyingi zilipigwa kwa muhtasari tu: waigizaji wanaelezwa kisa, wanajitungia maneno palepale. Vijana wa Usukumani humtaja Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, kama ushahidi kwamba Dar inafungua milango. Wanasahau kwamba alipitia kundi la maigizo la Kaole na michezo ya televisheni kabla ya kuvuma kwenye filamu. Hata filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, ilitokana na riwaya ya Adam Shafi. Palikuwa na maandishi kabla ya kamera.

Sasa ng'ombe. Barua inasema "tuna", haisemi "nina". Mifugo ya kaya ni ada ya shule ya wadogo, ni matibabu ya mzee, ni akiba ya mwaka ambao mvua imegoma. Kijana anayeiuza ili akazunguke Dar mikono mitupu anawatoza ndugu zake kodi ya ndoto ambayo yeye mwenyewe hajaitolea jasho. Heshima ya msanii nyumbani huanzia hapo: familia ione kazi kwanza, ndipo iombwe mchango. Na kazi hii, tofauti na kupiga picha, karibu haina gharama. Inataka kaunta buku, kalamu na saa moja kabla ya shughuli za siku. Kurasa mbili kwa siku ni rasimu nzima ndani ya mwezi mmoja na nusu. Rasimu hiyo isomwe kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani. Pale watakapoanza kupiga soga ndipo pa kukata.

Mafunzo ya uandishi yapo, kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliye mbali asome tamthilia za Ebrahim Hussein na Penina Muhando, ajifunze jinsi mazungumzo yanavyosukuma kisa.

Hofu ya kuibiwa nayo inarudi palepale. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyotungwa, hailindi wazo tupu. Mswada uliokamilika unaweza kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na usajili huo ni ushahidi mwandishi akidhulumiwa. Hadithi iliyosimuliwa kwenye kijiwe cha kahawa haisajiliki. Bodi ya Filamu nayo huhitaji kuuona mswada kabla ya kutoa kibali cha kupiga picha, kwa hiyo hata mtayarishaji mwema hana la kufanya na filamu ya kichwani.

Mswada ukishapata mnunuzi, mkataba uwe wa maandishi: malipo ya kwanza siku ya kusaini, ya mwisho siku ya kukabidhi, na jina la mwandishi kwenye filamu. Fedha hutoka kwa mtayarishaji kwenda kwa mwandishi. Anayemdai mwandishi ada ili ausome mswada wake aachwe, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi.