Seva ya Nyumbani Pemba: Anza na Umeme, Programu Baadaye

Picha za harusi, hati za shamba la mikarafuu, maulidi yaliyorekodiwa kwa simu, masomo ya watoto wa skuli: nyumbani kwetu Chake Chake vyote vilitawanyika kwenye simu na flashi za watu mbalimbali. Kuviweka mtandaoni kunakula bando unapovipandisha, na kunakula tena unapotaka kuvitazama. Seva ya nyumbani inaondoa gharama hiyo. Faili zinapita kwenye Wi-Fi ya ndani tu, hata kama bando limekwisha.

Wanaotaka kujifunza huniuliza kwanza kuhusu programu. Mimi huwauliza kuhusu umeme.

Mashine

Natumia Raspberry Pi 4, kompyuta yenye ukubwa wa kitambulisho iliyotoka 2019. Yenye memori ya GB 2 inatosha. Yenyewe hula kati ya wati 3 na 7. Pamoja na diski ya nje, piga hesabu ya wati 10, yaani uniti 7 hivi kwa mwezi. Kama una laptopu kuukuu isiyotumika, usiidharau: inakula zaidi, lakini betri yake, ikiwa bado nzima, huilinda umeme unapokatika.

Umeme

Tangu 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Hali imekuwa nafuu, lakini kukatika kupo, na seva ikizimika ghafla wakati inaandika, faili au kadi ya memori inaweza kuharibika. Nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba, uiunganishe na seva pamoja na ruta. Ruta ikizimika, seva inabaki hai lakini hakuna anayeifikia.

Tumia chaja yake halisi, ya volti 5.1 na ampea 3. Chaja dhaifu ya simu huifanya diski ijitoe yenyewe. Kuhakikisha, ukishasimika mfumo, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0`, umeme unatosha.

Kusimika

Kwenye kompyuta nyingine, pakua Raspberry Pi Imager na uandike mfumo wa Lite kwenye kadi. Humo humo weka jina la mtumiaji na nywila, kisha washa SSH, ili uweze kuiandikia seva amri kutoka kompyuta hiyo. Tia kadi kwenye seva, iunganishe na ruta kwa waya, na kwenye ruta uipe anwani isiyobadilika.

Chomeka diski kwenye tundu la buluu la USB. Tazama jina lake kwa `lsblk`, kisha uiandae kwa mfumo wa ext4. Hatua hii inafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo soma jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza. Iandikishe kwenye `/etc/fstab` kwa UUID yake ili ijifungue kila seva inapowaka, na uongeze neno `nofail`, ili seva iwake hata diski ikikosekana. Yangu inafunguka kwenye `/mnt/hazina`. Mpe mtumiaji wako umiliki wa folda hiyo kwa `chown`.

Sasa ingiza Samba, programu ya bure inayowezesha Linux kugawana faili na Windows na simu:

`sudo apt install samba`

Mwishoni mwa `/etc/samba/smb.conf` ongeza:

`[hazina]`
`path = /mnt/hazina`
`read only = no`
`valid users = jina_lako`

Weka nywila kwa `sudo smbpasswd -a jina_lako`, kisha uianzishe Samba upya kwa `sudo systemctl restart smbd`. Kwenye Windows andika `\\anwani\hazina`. Kwenye iPhone tumia programu ya Files. Kwenye Android tafuta kisimamia faili kinachojua SMB. Usiifungulie Samba mlango wa intaneti kwenye ruta. Ibaki ya ndani.

Chumvi na joto

Hewa ya bahari hula chuma, na masika huongeza unyevu. Weka seva juu ya rafu, mbali na dirisha la upande wa pwani, lakini usiifungie kwenye kopo: ikifika nyuzi 80 za Selsiasi huanza kupunguza kasi ili isiungue. Kasha lenye matundu linatosha.

Nakala ya pili

Diski moja si hifadhi. Ikifa, imekwenda na kila kitu. Nunua ya pili, uichomeke kila mwisho wa mwezi, ifungue kwenye `/mnt/nakala`, kisha:

`rsync -a /mnt/hazina/ /mnt/nakala/`

Ikimaliza, ichomoe uipeleke kwa ndugu wa Wete au Unguja. Moto, mwizi au bomba lililopasuka haviwezi kuzipata nyumba mbili kwa pamoja. Na kabla hujafuta chochote kwenye simu, fungua picha chache na hati moja moja kwa moja kutoka diski hiyo ya pili. Zikifunguka, futa.