MAMA NAYE ALE
Somo la kujifunza katika vikundi



Mwezi huu tujifunze jambo ambalo twaliona kila siku majumbani mwetu, na kwa sababu ya kulizoea hatuliangalii tena. Jambo lenyewe ni chakula cha mama.

Hapa Masukulu mvua haitunyimi. Migomba iko mlangoni, maharage yako shambani, ng'ombe yuko zizini, na parachichi huiva mpaka zikaanguka. Mgeni akipita husema huku hakuna njaa. Walakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa, unaovuna mahindi mengi, walizidi 50. Na katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 42 walikuwa na upungufu wa damu. Basi tumejua: ghala kujaa ni jambo moja, na mwili kuwa na afya ni jambo jingine.

Chakula kinakwenda wapi?

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Huamka kabla ya jua, huchota maji, hukata majani ya ng'ombe. Maziwa yakikamuliwa huenda kwa mnunuzi. Mayai huenda sokoni Tukuyu. Parachichi hupimwa kwa kilo na kupakiwa garini. Fedha ikipatikana hununua daftari, sabuni na chumvi. Jioni mama hupika ndizi, humpakulia baba, huwapakulia watoto, kisha yeye hukwangua sufuria na kushushia chai.

Mama huyu hatumlaumu. Fedha ni chache kweli, na kumwambia anunue nyama kila siku ni kumdhihaki. Tutafute yale anayoyaweza.

Sahani ya mama

Kwanza, ndizi, ugali, viazi, magimbi na wali ni ndugu wa nyumba moja. Vyote hutia nguvu. Mtu akila ndizi asubuhi, ugali mchana na viazi usiku, amekula chakula cha namna moja mara tatu. Kila sahani yahitaji mwenzi: maharage, njegere, karanga, yai, maziwa au samaki, tena mboga za majani, tena tunda. Dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela huliwa wazima na mifupa yao, na fungu dogo likitwangwa hutosha kuunga mboga ya nyumba nzima. Majani ya maboga, mchicha na mnafu hayahitaji duka. Yahitaji tuta dogo karibu na jiko.

Pili, tuseme juu ya chai. Twailima wenyewe, tena twaipenda. Lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate vema madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, na madini hayo ndiyo yatengenezayo damu. Afadhali mama asubiri kiasi cha saa moja baada ya kula ndipo anywe chai yake. Wakati wa chakula ale pera au chungwa, au akamulie ndimu kwenye mboga. Matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini.

Tatu, tuuze, lakini tutoe kwanza fungu la nyumba. Kabla maziwa hayajapimwa, kikombe kimoja kibaki. Kabla ya mayai kwenda sokoni, mawili yabaki.

Mama mjamzito aongeze mlo kidogo, ahudhurie kliniki mapema, na ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa. Mtoto akizaliwa, anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, ndipo aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya.

Kazi na pumziko

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamsha mwili, yaani nusu saa kwa siku 5. Mama anayepanda vilima vyetu na mzigo wa kuni kichwani amekwisha kupita kipimo hicho. Huyo hahitaji kuambiwa akimbie. Ahitaji kupumzishwa, hasa akiwa na mimba.

Lakini yuko mama mwingine, mwenye kibanda au cherehani mjini, aketiye toka asubuhi hadi jioni, huku akila maandazi na soda, kisha akarudi kwa bodaboda. Unene uliozidi, kisukari na shinikizo la damu vimeongezeka nchini, wala si magonjwa ya matajiri peke yao. Huyo na ashuke njiani, atembee sehemu ya safari, apunguze chumvi, sukari na mafuta.

Baba afanye nini?

Somo hili si la akina mama peke yao. Baba akibeba ndoo ya maji, akikubali kikombe kile kisiuzwe, na akingoja mkewe aketi naye mezani, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikusanyika kwenye redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Nasi tufanye vivyo hivyo. Tukumbuke kwamba Bwana Yesu alipomfufua binti Yairo, aliagiza apewe chakula. Hakuona kwamba jambo la chakula ni dogo.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwako, nani hula mwisho, na hubakiwa na nini?
2. Ni chakula gani tunachokiuza chote bila kuacha fungu la nyumba?
3. Ni kazi gani moja ambayo baba na watoto wataipokea kwa mama kuanzia wiki hii?